Mia tano zangu za kinanda

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kanisa liache nyimbo za zamani ili vijana wasihame. Vijana wa huku Vihiga wanahamia Nairobi kutafuta kazi, na hilo halina dawa ya kinanda. Langu ni hili: hiyo zamani ni ya nani?

Mimi ni wa Kanisa la Marafiki (Quakers), lile ambalo huku kwetu lilianzia Kaimosi mwaka 1902. Mwaka jana vijana wetu waliomba kinanda cha stima. Kamati ikaketi, chai ikaletwa na nduma, nami nikasimama kuitetea ngoma. Nilisema maneno makali: kwamba ngoma ndiyo mila yetu, kwamba hata UNESCO mwaka 2014 iliitia isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, sembuse sisi wenyewe?

Mama mmoja mzee, aliyekuwa akimenya nduma bila kuniangalia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la leso.

"Mwanangu, ngoma hiyo hiyo? Mimi baba alinichapa kwa kusimama njiani tu kuitazama isukuti ikipita. Alikuwa mzee wa kanisa. Akasema ni ya mashetani. Mlipoiingiza humu ndani, mimi nilitoka nje nikakaa chini ya mti Jumapili nne."

"Na ya tano?" mweka hazina akauliza.

"Ya tano kulinyesha."

Niliketi. Chai yangu ilikuwa imeshapoa. Wakati wa mchango nikatoa mia tano, ingawa sikuwa nimeombwa zaidi ya mia mbili.

Kinanda kilikuja. Kijana anayekipiga huanza juu mno, akina mama wakakatikia katikati ya ubeti. Halafu kuna kitufe anachokibonyeza, na mashine yenyewe inapiga ngoma! Mwenye kayamba hajawahi kuupata mwendo wake hadi leo.

Kwa hiyo jibu langu ni vyote vikae, tenzi na mapambio, kayamba na spika, mradi sauti ipunguzwe kidogo. Nilianza barua hii nikitaka kusema kinyume, lakini yule mama ameniharibia hoja.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyekipigania katika kamati ile. Marafiki wa kwanza kabisa, Uingereza ya karne ya 17, waliketi kimya wakimngoja Roho amsukume mtu kusema. Hiyo ndiyo zamani yetu hasa, kuliko ngoma na kuliko tenzi. Nikapendekeza dakika tano za kunyamaza kabla ya mahubiri, na mchungaji akakubali tujaribu.

Dakika ya pili mtoto alikohoa. Ya tatu, mtu akaanzisha pambio. Sitamtaja ni nani, ila mke wangu bado ananicheka.