Nani aliandika orodha ya posti-panki? Maswali yenu matano

Tangu nigusie muziki wa posti-panki maswali yamekuja mengi, leo nachukua matano.

Posti-panki ni nini hasa? (Msomaji, Tanga)

Panki ya London ya 1976 ilikuwa gitaa kali, nyimbo fupi, hasira. Afu vijana wakajiuliza, haya tumeshavunja, tunajenga nini? Kuanzia 1978 mpaka 1984 hivi wakachanganya dub ya Jamaika (rege iliyochezewa studio), disko, funki, sinthesaiza, siasa. Haina sauti moja, ndo maana wanagombana mpaka leo nani ni wa humo na nani si wa humo.

Kila nikisoma nakuta bendi zilezile. Nani alikaa akaamua? (Nakuru)

Hakukaa mtu mmoja. Mwanzo ni magazeti ya muziki ya kila wiki Uingereza, NME, Sounds, Melody Maker, yaani kijana wa Leeds ananunua gazeti, santuri yenyewe hajaisikia na hela ya kuinunua labda hana, anamwamini mwandishi basi. Novemba 1977 Sounds ikatoa makala za “New Musick”, Jon Savage akiwa mmoja wa walioandika, kabla hata albamu nyingi tunazoziabudu leo hazijarekodiwa! Pale NME akina Paul Morley na Ian Penman waliandika kama wanahubiri. Baadaye kukapoa kwa miaka mingi, mpaka 2005 Simon Reynolds akatoa kitabu chake Rip It Up and Start Again, wakati huohuo bendi ya Franz Ferdinand inatamba na gitaa za mtindo uleule, watoto wakataka kujua zimetoka wapi. Kitabu kikawa ramani.

Ila kuna kitu kingine watu hawakisemi sana, nacho ni santuri kutolewa upya. Chukua The Raincoats, bendi ya wanawake pekee, albamu yao ya kwanza ilitoka 1979, baadaye ikawa haipatikani. 1992 Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, yuko London anatafuta nakala, wakamwelekeza mpaka duka la vitu vya kale alikokuwa anafanya kazi Ana da Silva, mwimbaji wao mwenyewe. Mwaka uliofuata albamu ikarudi dukani, Cobain ameiandikia maelezo. Sasa hebu fikiria angepitiwa siku ile. Muziki ni uleule, lakini leo wangapi tungeusikia?

Nimenunua tisheti ya mitumba, nyeusi, ina mistari myeupe kama milima. Ndo wao? (Dar)

Ndo wao, hiyo ni jalada la Unknown Pleasures ya Joy Division, 1979, Manchester. Mistari ni mapigo ya redio ya nyota aina ya pulsa. Ian Curtis alijiua Mei 1980 akiwa na miaka 23, na tangu hapo wahakiki wengi wanaanza na kifo ndo wafike kwenye muziki. Albamu naipenda sana, sikiliza ngoma za Stephen Morris, ila naomba tuache kuifanya kaburi.

Ni kweli ngoma za Burundi zimo humo? (Bujumbura)

Kweli kabisa, na hili linaniuma. 1967 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma Burundi, ikatoka na lebo ya Ocora. 1971 mwanamuziki mmoja wa Ulaya akaweka piano juu yake, akaiita Burundi Black, na jina lililoandikwa kwenye santuri ni Burundi Steiphenson Black. 1980 hivi Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, akampa mwimbaji Adam Ant kanda yenye midundo hiyo, afu akamchukulia bendi yake yote akaunda Bow Wow Wow, pande zote mbili zikatamba na mdundo wetu. Nyie mnaojua mnajua: ngoma ya inkiranya iko katikati inaongoza, ibishikizo zinaifuata, amashakwe hazikati mdundo, nusu duara. UNESCO waliiweka sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi 2014. Lakini kwenye orodha za wahakiki utamkuta Adam, utamkuta McLaren, waliopiga utaambiwa tu “ngoma za Burundi” kama vile zilijipiga zenyewe. Majina yao yanatakiwa yatafutwe na kuandikwa, wala sio hisani.

Nianze na nini? (Muscat)

Anza na bendi ya ESG, madada wa Scroggins wa South Bronx, New York, mama yao aliwanunulia vyombo vya muziki wasizurure mtaani. Martin Hannett, prodyuza wa Joy Division, aliwarekodi 1981, kanda ikabaki na kama dakika tatu hivi wakapiga wimbo wa UFO imalizike. Ule mlio wa mwanzo wa wimbo huo umekatwa na kutumiwa kwenye hiphop mara nyingi mno, na 1992 wenyewe wakatoa santuri wakaipa jina Sample Credits Don't Pay Our Bills, yaani kutajwa jina hakulipi bili zetu.