Barua kwa mwanangu: andika "mimi"

Mwanangu Rukia,

Salaam aleikum. Sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimesimamisha cherehani ili nisipitwe na neno. Umeniuliza mawili kwa pumzi moja: kama nitakushonea koti la kwendea Diani, na kama kwenye kotesheni, ile karatasi ya bei ya menyu na tovuti ya ile hoteli, uandike "mimi" au "sisi". Meneja kakuuliza kampuni yenu ina watu wangapi, na wewe hii ni wiki ya tatu tangu uache kazi ya mshahara, ofisi yako ni meza ya jikoni hapo Bamburi. La koti ni jepesi. Hili la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Andika "mimi".

Najua kwetu Pwani "sisi" ni adabu. Mtu yuko peke yake chumbani, ukibisha hodi ajibu "tupo". Akikukaribisha asema "karibu kwetu", na anaishi na paka. Hiyo ni sisi ya kujishusha. Sisi ya kwenye kotesheni ni ya kujipandisha, na meneja akishaiamini atakupa kazi ya watu watano na muda wa watu watano.

Yalinikuta. Mwaka 1999, wewe ndiyo kwanza unatambaa, shule moja ilitaka sare 120 kabla ya kufungua Januari. Bwana aliyekuja kuniona akaniuliza nina mafundi wangapi. Nikamwambia wanne. Nilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, na shangazi yako ambaye wakati huo alijua kushikiza vifungo tu. Tulikesha, taa ya kandili ubavuni umeme ulipokatika, wewe umelala juu ya mabaki ya vitambaa. Siku ya kufungua nilipeleka sabini na kitu, na baadhi yake kola zimekwenda upande. Nilijitayarisha kusutwa kwa kuchelewa. Yule bwana hakunisuta. Aliniuliza tu, "Na wale mafundi wanne?"

Mpaka leo sina jawabu. Kazi ya pale sikuipata tena, nao walikuwa na haki. Kuchelewa mtu husamehewa, hasa fundi, maana watu wameshatuzoea.

Halafu jina la mtu mmoja si dogo kama unavyolidhania. Nenda Biashara Street umtazame mwanamke anayenunua leso. Kabla hajasoma maneno, anaitafuta "Mali ya Abdulla" pembezoni. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa hiyo, limekuwepo tangu 1887, na kinachowatuliza wanunuzi ni kuona jina la mtu limetiwa pale. Basi wewe weka Rukia na jina la babako, na chini yake kazi yako: mchoraji wa menyu na tovuti. Na ile anwani yako ya barua pepe ya tangu sekondari, yenye "mrembo" na sifuri tatu, iache kwa mashoga zako. Tafuta yenye jina lako, na ukiweza lipia yenye .co.ke.

Usijiandike "mtaalamu mwenye uzoefu mkubwa". Nani asiyejiandika hivyo? Onyesha menyu uliyomfanyia yule mama wa mkahawa wa Kongowea, na useme ilikuchukua siku ngapi. Kazi uliyoifanya bure, sema ulifanya bure. Kama huna mfano wa hoteli, chora mmoja usiku huu, uandike juu yake kwamba ni mfano. Fundi mgeni mjini hutundika nguo mlangoni, na hakuna anayemuuliza iliagizwa na nani.

Sasa bei, na hapa nakugombeza kidogo. Ninyi watoto wangu nyote mmerithi haya ya babenu. Mtu akiwauliza ni kiasi gani, mnajibu "utaangalia mwenyewe". Aangalie nini? Mpe tarakimu, kwa maandishi, na useme ndani yake mna nini: kurasa ngapi, picha nani analeta, marekebisho mara ngapi. Mimi kupima mara mbili kumo katika bei. Ukinenepa baadaye, hiyo ni bei nyingine. Chukua arbuni, nusu kwangu ndiyo sawa, kabla hujatia mkasi. Anayekataa kutoa arbuni kwa upole hukataa kumalizia kwa ukali, nimewaona wengi. Uliza pia mapema nani hasa analipa na baada ya siku ngapi, kwa sababu anayekuchekea ni meneja na anayelipa ni mhasibu. Ikiingia masika, Aprili mpaka Juni, wageni hupungua na mahoteli huwa mazito kutoa. Na watu wa nyumbani wakikuomba "bei ya kindugu", iandike bei kamili kwanza, halafu punguzo chini yake, wajue wamepewa kitu.

La kodi nilifundishwa na binamu yako, nikalipinga miezi sita, lakini lina faida. Hoteli ikikulipa ada ya kitaalamu inayofika shilingi 24,000 kwa mwezi, hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kwa PIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi. Usiwaite wezi. Dai cheti cha makato, kitakufaa ukipeleka ritani, ile taarifa yako ya kodi. Wakikuomba invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, si kukudharau: tangu Januari 2024, kwa jumla, gharama isiyo na invoisi hiyo haikubaliwi kwenye hesabu zao za kodi. Afadhali uwe umejiandikisha kabla hawajauliza kuliko kuwaambia wangoje. Jina la biashara nalo lisajili kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukikwama nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road. Lakini usije ukadhani cheti cha usajili huo kimekupa ile "sisi". Jina la biashara ni wewe huyo huyo, deni lake ni deni lako. Kampuni ni kitu kingine, wakati wake utafika.

Jawabu la meneja nimekuandalia hivi, ulirekebishe kwa maneno yako: "Nafanya kazi peke yangu. Menyu na kurasa sita za tovuti nitazimaliza kwa wiki nne, na kila Ijumaa nitawaletea nilipofika. Mkitaka kwa wiki mbili, nitamtafuta mwenzangu wa kunisaidia na bei itabadilika." Akikuacha kwa hilo, alikuwa atakutesa. Zile wiki nne mimi nimebahatisha, ujuaye ni wewe. Zihesabu vizuri kabla hujazitamka, uongeze siku za kuumwa kichwa na za umeme kukatika.

Koti nimeshalikata, lile la buluu nyeusi, bado mikono na vifungo. Mabega yako siyaamini tangu uanze kuinamia kompyuta, kwa hiyo njoo Alhamisi upimwe. Njoo na kotesheni imechapishwa. Kwenye simu herufi ni ndogo, na miwani yangu ya kusomea kaikalia mjukuu.

Mamako