Wasomaji Wanauliza: Nani Aliyeiunda Bunduki Hii?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yake mume wangu alituachia gobori refu la gumegume, ambalo wazee wa familia wanasema liliundwa hapa Pennsylvania, Marekani, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kitako chake ni cha mti wenye milia. Upande wa kulia kina kifuniko cha shaba ya manjano, na upande wa kushoto kimepachikwa nyota ya fedha. Kwenye mtambo wa kufyatulia pamechongwa neno KETLAND, na juu ya mtutu kuna herufi zilizofifia. Je, Ketland ndiye fundi? Kwa nini chombo cha kuwindia kilipambwa kiasi hiki? Tena, jirani ananishauri niisugue shaba mpaka ing'ae, nimsikilize?

JIBU: Nianze na jirani yako, kwa kuwa ushauri wake ukifuatwa hasara yake haitarekebishika. Tafadhali usiisugue shaba hiyo. Mistari iliyochorwa juu yake kwa ncha ya chuma haina kina, na kila unapoisugua unaila, hadi maua na majani aliyoyachora fundi yabaki kama vivuli. Mbao nazo usizikwangue.

Ketland siye fundi unayemtafuta. Hilo ni jina la familia ya Birmingham, Uingereza, iliyouza mitambo mingi ya bunduki nchini Marekani. Mafundi wa Pennsylvania mara nyingi waliona nafuu kununua mtambo uliokwisha kutengenezwa, wakautumia muda wao kwenye mbao na nakshi. Aliyetaka ajulikane aliandika jina lake juu ya mtutu, kama alivyofanya Jacob Dickert, mzaliwa wa Mainz, Ujerumani, mwaka 1740, aliyefanya kazi katika mji wa Lancaster, Pennsylvania, na kufariki mwaka 1822. Wengine hawakuandika chochote, na hao hutambuliwa kwa mtindo wa kazi ya mikono yao tu.

Ndiyo maana mapambo unayoyauliza yana uzito mkubwa. Mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi walifika na mfano wa bunduki fupi ya kuwindia, yenye tundu pana na kitako kilichochongwa. Huku wakaurefusha mtutu kupita mita moja na kulipunguza tundu ili risasi na baruti zisiliwe ovyo, lakini desturi ya kupamba hawakuiacha. Baada ya vita vya uhuru wa Marekani kumalizika mwaka 1783, wateja walipopata uwezo na mafundi walipozidi kushindana, nakshi zilifikia kilele chake. Kifuniko chako cha shaba kinafunika kishimo cha kuwekea vitambaa vyenye mafuta, ambavyo mwindaji alivizungushia risasi ya duara ili ishikwe na mifuo, yaani mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu. Kazi hiyo ingetoshelezwa na kibao cha kuteleza, na bunduki za mwanzo zilikuwa nacho. Fundi aliyekuja baadaye aliona hapo ni mahali pa kuonyesha ustadi wake. Ikiwa ncha ya shaba imekatwa kwa umbo la ua la deizi, wazo la kwanza liende Lancaster. Ikiwa mgongo wa kitako umebinuka kama pua yenye nundu, litazame bonde la Lehigh, pia hapa Pennsylvania.

Kisha geuza upande wenye nyota. Nyuma ya sehemu ya kuegemezea shavu, huenda ukaona mizunguko kama herufi C na S. Fundi hakuibandika: alikata mbao zote za pembeni, akaacha mzunguko umeinuka kidogo sana, na penye nyuzi zinazobadili mwelekeo, kama zilivyo kwenye mti wa mepo (maple) wenye milia, patasi ikiteleza mara moja kazi nzima imeharibika. Mimi huliangalia eneo hilo kwa muda mrefu kuliko jina lolote. Milia yenyewe ilikolezwa kwa asidi ya naitriki iliyoyeyushiwa chuma, kisha mbao zikapashwa moto.

Kabla ya yote, hakikisha gobori halina baruti ndani, kwani mengi ya kale hukutwa yameshindiliwa. Usisimame mbele ya mtutu. Mpe fundi bunduki apime kwa mdeki, fimbo ya kushindilia, kina cha ndani, alinganishe na urefu wa nje hadi kwenye kitundu cha kuwashia. Likithibitika tupu, ziangazie herufi zile kwa taa iliyolazwa ubavuni, chumba kikiwa na giza, nawe upige picha kabla hujazigusa.