Kabla hujaandika "mnyonge" kwenye taarifa

Afisa mpya anayeanza kazi Dodoma, awe wa kata, wa ustawi wa jamii au wa dawati la habari, hulikuta neno mnyonge kila mahali: kwenye hotuba, kwenye barua za malalamiko, midomoni mwa wananchi walio kwenye foleni. Naye hulibeba lilivyo na kulimwaga kwenye taarifa. Neno hili lina kazi maalumu. Likitumika ovyo, taarifa haisemi kitu.

Mnyonge ni mtu asiye na nguvu mbele ya mwingine. Huyo "mwingine" ndiye roho ya neno. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anaweza kuwa na ekari tatu, afya njema na nyumba ya bati, lakini siku ya mavuno dalali akitaja bei ya kutupa, hana la kufanya: zabibu ikishakatwa haingoji, inaanza kunyauka na kuoza. Huyo si maskini wala si dhaifu. Ni mnyonge, na unaweza kusema mbele ya nani na kwa sababu gani. Azimio la Arusha la 1967 lililitumia kwa maana hiyohiyo: unyonge ulitajwa kuwa chanzo cha kuonewa, kunyonywa na kupuuzwa. Basi jiulize kwanza: mnyonge mbele ya nani? Ukikosa jibu, tafuta neno jingine.

Nayo yapo. Aliyeishiwa nguvu kwa homa au safari yuko hoi. Mzee asiyeweza kujilisha wala kujihudumia ni asiyejiweza. Na mama akifika zahanati akasema "mtoto ameamka mnyonge", hazungumzii haki hata kidogo: mtoto amenyong'onyea, hachezi, pengine hanyonyi. Muulize hayo, uandike hayo.

Dhaifu linataka uangalifu zaidi. Kwa ushahidi, mfumo au ukuta halina ubaya. Kwa mtu au chombo chenye heshima husikika kama tusi. Mwaka 2019 Bunge, hapahapa Dodoma, lilipitisha azimio la kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa kulitaja Bunge kwa neno hilo, ingawa alieleza kuwa ni lugha ya kawaida ya wakaguzi.

Kuna pia methali, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Wengi wanaoanza kazi huichomeka kwenye barua za kuwatetea maskini. Mtaani haitumiki hivyo. Husemwa unapomkubali kwa jambo moja mtu unayemlaumu kwa mengine: "Diwani yule ana maneno mengi, lakini mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, maji kayaleta." Ukiiweka kwenye barua ya mjane, msomaji atadhani mjane ana kosa.

Kwenye muhtasari wa kikao, hatua ni moja: ondoa sifa, weka tukio. "Mjane huyu ni mnyonge, asaidiwe" haimsaidii. Andika: "Mjane huyu amezuiwa na shemeji zake kulima shamba la ekari mbili tangu Novemba. Hati ya mauziano wanayo wao, naye hana nauli ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya." Neno mnyonge limetoka, lakini sasa mwenyekiti anajua nani aitwe kikao kijacho na aje na karatasi gani.