Ukienda maonyesho ya mashine, nenda na kazi yako mkononi

Vijana wa karakana, nimewasikia. Kila msimu wa maonyesho ukikaribia, mazungumzo ni viza, tiketi na suti. Wakirudi wenzenu, simu imejaa video za roboti na begi limejaa brosha za mashine ambazo hata gati la Mokowe, la kuvukia kuja Lamu, hazitavuka. Juzi nimemuuliza mmoja wenu, kijana mwenye mkono mzuri sana wa kukereza: katika yote uliyoyaona, ni ipi itakayoshika shafti ya propela ya futi kumi? Akanyamaza. Iliniuma, kwa sababu nauli ile ilikuwa jasho la ukoo mzima. Basi nisikilizeni kabla hamjakata tiketi nyingine.

1. Jua unakokwenda. Maonyesho makubwa ya mashine ni haya: IMTS ni Chicago, McCormick Place, kila Septemba ya mwaka wa shufwa. EMO ni miaka ya witiri, mara nyingi Hannover, mara mojamoja Milano. IMTEX ya Bengaluru hufanyika Januari: miaka ya witiri ni mashine za kukata chuma, ya shufwa ni za kukunja na kugonga bati, kwa hiyo mkereza akikosea mwaka atatembea kutwa asione leithi, mashine yake ya kukerezea. Ukiniuliza mimi, anayekwenda mara ya kwanza kutoka Lamu aanze Bengaluru. Kule bado zinatengenezwa leithi za mkono za watu wenye mfuko kama wetu. Ndugu zetu wa Malindi wenye Kitaliano chao waiangalie BI-MU ya Milano, miaka ya shufwa. Lugha ile wameipata bure ufukweni, waitumie.

2. Beba kazi. Kipande cha shafti, bushi (pete inayoshika shafti) iliyokwisha, mchoro wenye vipimo, picha ya karakana yako na upana wa mlango wake. Muuzaji anayeona mikono mitupu hukupa maneno aliyoyakariri tangu asubuhi. Hannover nilimwekea mzee mmoja wa Kijerumani bushi ya shaba iliyotoka kwenye boti ya abiria. Hakusema kitu. Aliigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye mifereji iliyochimbika ndani, kisha akauliza: "Mchanga?" Nikamwambia ndiyo, maji yetu yakitoka, njia ni mchanga mtupu. Akavuta kiti, akachukua kalipa ya kupimia, na tulizungumza mpaka wenzake wakaja kumwita. Mashine aliyonishauri haikuwa ile kubwa iliyokuwa ikizunguka mbele ya watu.

3. Stima. Hapa sitafupisha, maana hapa ndipo watu wanapozika pesa.

Mwenye karakana niliyofundishwa kazi alikuwa fundi hodari, Mungu amrehemu. Alinunua leithi Marekani siku ya mwisho ya maonyesho, ile siku wauzaji wanapopunguza bei ili wasirudishe mashine ya banda kiwandani. Bei ilikuwa nzuri kweli. Leithi ikafika Mombasa, ikapanda lori hadi Mokowe, ikangoja maji yajae, ikashushwa kwa chenibloku kwenye jahazi. Upande wa Lamu tuliiviringisha juu ya mabomba kwenye vichochoro, punda wakirudishwa nyuma mmoja mmoja. Tulipofungua kibao cha mota: volti 460, hezi 60, yaani stima inayogeuka mara 60 kwa sekunde. Sisi stima yetu ya fezi tatu ni volti 415, hezi 50.

Akaambiwa anunue transfoma ya kupandisha volti. Akanunua. Mota ikawa inachemka hadi vanishi inanuka mtaani, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Sababu ni hii, na ishikeni: mota iliyoundwa kwa hezi 60 ukiipa 50, mwendo wake unashuka kwa moja ya sita, na volti zake nazo zinatakiwa zishuke kwa kiasi hicho hicho. Transfoma ilikuwa inazipandisha. Tulikuwa tunaiua kwa mikono yetu. Mwishowe mota ilitolewa, ikafungwa nyingine ya hezi 50 na puli ikabadilishwa.

Hapo tukadhani tumemaliza. Ikaja kazi ya thredi ya injini ya Yamaha, ambazo ndizo zimejaa pwani hii, na thredi zake ni za milimita. Skrubu ndefu ya leithi ile, inayosukuma kisu, ilikuwa ya inchi. Ili ikate thredi ya milimita sawasawa inahitaji gia ya meno 127, kwa kuwa inchi tano ni milimita 127 kamili. Gia ile huuzwa peke yake, si pamoja na mashine. Angeitaja pale bandani, siku ya kupeana mikono, pengine ingetiwa kwenye sanduku bila kuongeza hata senti. Yule mwenye karakana aliisubiri miezi, na wateja wake wakapeleka shafti zao Mombasa. Hilo la wateja ndilo lililomvunja moyo kuliko pesa.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza volti, hezi, fezi, inchi au milimita. Wakuandikie kwenye kotesheni.

4. Bei ya bandani mara nyingi ni ya mlangoni mwa kiwanda. Taka ya CIF Mombasa, yaani bei yenye bima na nauli ya meli hadi bandarini, na hakikisha ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, unafanyika kabla mzigo haujapakiwa huko ulikotoka.

5. Viatu vilivyozoea mguu. Suti ibaki nyumbani.

6. Uliza uzito wa kipande kizito kuliko vyote, na kama kitanda cha mashine kinaachana na kichwa. Waonyeshe picha ya gati, wasifikiri wewe una barabara hadi mlangoni. Kisha uliza fundi wao wa karibu yuko wapi, Nairobi au Dubai, na nani atalipa safari yake. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye jibu hilo, chukua kadi yake, mshukuru, nenda banda la pili. Na jioni ile ile, kabla hujalala, andika kwenye daftari namba ya kila mashine uliyoipenda na jina la uliyezungumza naye, maana kufika siku ya tatu mabanda yote yanafanana.