Ruzuku ya kuokoa kanda za redio: bajeti inavyoanguka

Maandiko mengi ya kuomba ruzuku ya kuokoa kanda za zamani, za redio au za taarabu, kwa kuzinakili kidijitali hufia kwenye bajeti. Mwombaji anajaza kompyuta na spika, mafundi wanapewa miezi mitatu. Haitoshi. Saa moja ya kanda isiyoharibika hula saa mbili hadi tatu za kazi: kusafisha vichwa vya mashine (sehemu zinazosoma kanda), kurekebisha pembe ya kichwa, kusikiliza, kisha kuandika nani anaimba na lini. Saa 1,000 zinaweza kuwashika mafundi wawili karibu miezi tisa.

Kabla ya kuandika chochote, fungua maboksi. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, na pwani ndiyo usiseme. Zikichezwa hupiga kelele na kuacha ukoko wa kahawia kwenye vichwa. Hizo huokwa kwenye tanuri maalumu, nyuzi 50 hivi za Selsiasi, kwa saa 8 au zaidi, halafu zinakiliwe ndani ya wiki chache. Kanda ya asetati, aina ya plastiki ya zamani, usiioke kabisa! Inua rili mbele ya taa. Mwanga ukipenya kwenye tabaka za utepe, ndiyo yenyewe. Harufu ya siki nayo ni dalili.

Nakala kuu iwe WAV, faili la sauti lisilobanwa, kHz 96 na biti 24. Saa moja ya stirio ni kama GB 2, kwa hiyo saa 1,000 ni TB 2, na nakala tatu ni TB 6. MP3 ni ya kusikilizia tu.

Endangered Archives Programme, mpango wa ruzuku wa British Library (maktaba ya taifa ya Uingereza) unaofadhiliwa na mfuko wa hisani wa Arcadia tangu 2004, hutaka kanda na nyaraka asilia zibaki nchini zilikotoka pamoja na nakala. Usilichukulie kama sharti la karatasi tu: Oktoba 2023 wadukuzi waliiangusha mifumo ya British Library, na aliyekuwa na nakala yake nyumbani hakukwama.

Ruzuku ikiisha, umeme na diski mpya atalipa nani? Taasisi yako itoe barua yenye jibu hilo, pamoja na jina la cheo kitakachosimamia.

Haki ndiyo inayochelewesha kuliko vyote. Redio kumiliki kanda si kumiliki wimbo. Anzeni mapema na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, au COSOZA kwa Zanzibar, na familia za waimbaji, hasa pale mfadhili anapotaka kila kitu kiwe wazi mtandaoni.