Kukosoa vita si kuwatukana marehemu

Habari ndugu. Unauliza kama kuandika kwamba Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda (1978–79) vilituumiza kiuchumi ni kumvunjia heshima baba yako mdogo aliyefia huko, kama wazee wa ukoo wanavyodai. Mimi naona sivyo kabisa.

Kwanza angalia sentensi yako inamlenga nani: aliyeamua au aliyetumwa? Maamuzi ya viongozi yajadiliwe. Askari aliyezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo mkoani Kagera, hawezi kujibu. Nilipoandika kuhusu mjomba wangu, nilimsomea mjane wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliniomba nifute aya ya majeraha, lakini maneno makali kuhusu mafao yaliyochelewa akasema yaache, tena yaongeze.

Picha ya kaburi usiweke bila ridhaa ya familia. Na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, waachie wafiwa. Chapisha siku nyingine.